Nyumba ya Chaki

"Nichoree kwenu," Mama Vifungo alimwambia kijana, akampa chaki.

Walikuwa ndani ya stoo ya mahabusu ya watoto, katikati ya madawati yaliyovunjika na magodoro yaliyotoka matumbo. Kipande cha sakafu walichosimama Mama Vifungo alikifagia kwa mikono yake mwenyewe, maana chumba cha kazi alichoahidiwa siku anaajiriwa kilikuwa bado kinaahidiwa. Kijana akainama, akachora mstari mrefu, umenyooka kama umepigwa rula. Akasimama, akautazama, akaufuta kwa kiganja, akauchora upya vidole viwili kando.

"Hapo ndipo ukuta ulipo," alisema.

Kwenye barua ya ajira kazi ya Mama Vifungo ilikuwa na jina refu, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na hata mkuu wa mahabusu alilikosea kila alipolisoma. Wengine walidhani anafundisha ushonaji. Alichokuwa akikifanya ni kuwafundisha watoto waliokosana na sheria yale mambo ambayo wewe na mimi tunayafanya bila kuwaza: kuamka, kunawa, kuvaa, kupika chai, kukaa karibu na mwenzako bila kumrukia. Wote aliwaanzisha na vifungo vya shati, kwa sababu mtu akishindwa na kifungo utamjua hapohapo kama ni wa kukasirika, wa kukata tamaa au wa kuomba msaada. Ndipo vijana wakambandika jina hilo, na yeye akaona bora hilo kuliko lile la kwenye barua.

Kijana mwenyewe naye alikuwa na lake. Walimwita Foleni. Tangu siku aliyoletwa alivipanga viatu vya bweni zima ukutani, ndala kwa ndala, raba kwa raba, visigino vikigusa mstari. Wenzake walicheka mpaka wakachoka kucheka, kisha wakawa wanavivuruga makusudi ili wamwone anavyotetemeka. Jamani, watoto nao wana ukatili wao.

Kilichomleta kilitokea sokoni. Alikuwa amechuchumaa akimpangia mama yake mafungu ya vitunguu, mlinzi wa soko akamdhania mwizi, akamkamata bega kutoka nyuma. Foleni aligeuka na jiwe la mizani mkononi. Mkono wa mlinzi ulivunjika vibaya, na mpaka leo haujanyooka sawasawa, naye ana watoto wa kulisha kwa mkono huohuo. Asisahauliwe, kwa kuwa tunamhurumia mwingine.

Mama Vifungo alimsoma kijana taratibu, akaona kwamba mwili wake una king'ora kinacholia hata pasipo na mwizi. Umguse ghafla, uhamishe kitu alichokizoea, king'ora kinalia, na kikishalia hasikii neno la mtu. "Hana roho mbaya," aliwaambia wakubwa wake kikaoni. "Anashtuka kabla akili haijafika." Wakubwa waliitikia kwa vichwa, macho yakiwa kwenye simu.

Hakimu alikuwa ametoa nafasi moja. Afisa ustawi ampeleke kijana kwao mchana mmoja, akae nao, amwone. Akimwona ametulia, basi adhabu yake ataitumikia nyumbani chini ya uangalizi wa mama yake. Asipotulia, atapelekwa shule ya maadilisho mpaka atimize miaka kumi na minane, na hapo ndiyo kwanza alikuwa na kumi na sita. Mama Vifungo aliwahi kufanya kazi kwenye shule hiyo. Watoto walilala ukumbi mmoja, vitanda vimebanana, kelele usiku kucha, na wakubwa waliwagusa wadogo walivyotaka. Alijua kijana wa namna hii akiingia kule atatoka vipi. Alishawaona waliotoka.

Kwa hiyo walijenga nyumba.

Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja, na Foleni aliijua kama anavyoujua ulimi wake. Kulia kwa mlango, mahali pa viatu. Chini ya dirisha, ndoo ya maji yenye mfuniko mwekundu. Jiko juu ya sanduku. Stuli yenye mguu uliofungwa waya. Pazia la shuka kuukuu, na nyuma yake kitanda anacholala mama na dada yake mdogo. Kando ya pazia, ukuta mtupu usio na kitu chochote. Jikoni misumari mitatu, na kwenye kila msumari kikombe.

"Changu hakina mkono," alisema Foleni, Mama Vifungo alipomletea vikombe kutoka kwake.

"Si unaweza kujifanya tu kwamba hakina?"

Foleni alimtazama kama mtu aliyeambiwa ajifanye hana pua. Mama Vifungo akacheka, akatafuta nyundo, akaung'oa mkono wa kikombe chake kizima. Jiko la moto lilikatazwa mle ndani, akaleta birika lake la umeme, likakaa mahali pa jiko.

Wakawa wanafanya mazoezi. Anaingia mlangoni, mlango wa chaki lakini hakuuruka hata siku moja. Anavua viatu kulia. Ananawa. Anakaa kwenye stuli, anachukua kikombe chake, anapika chai. Halafu Mama Vifungo anaanza uchokozi. Anaangusha sufuria. Anaita kwa nguvu. Anaingia bila hodi. King'ora kikilia, Foleni asimame, aende kwenye ukuta mtupu kando ya pazia, huo ulikuwa ukuta wa stoo wenyewe, aweke viganja vyote viwili, ausukume kwa nguvu zake zote mpaka mikono ichoke na pumzi irudi. Ukuta hauumii, alimwambia, wala haukusukumi. Usukume ndipo urudi.

Mwanzoni alivunja vitu. Kisha akawa anatetemeka tu. Mwishowe akawa anakwenda ukutani mwenyewe, anasukuma, anarudi, anakaa, anamalizia chai yake. Siku hiyo Mama Vifungo alitoka nje ya stoo akasimama nyuma ya tangi la maji akalia kidogo, kwa furaha, akajipangusa na kurudi kazini.

*

Na mama wa kijana je? Hawakuwahi kuonana. Jumapili ndiyo siku ya ndugu kuja kuwaona watoto, na Jumapili ndiyo siku ambayo Mama Vifungo hakuwa kazini. Gari la ofisi halikutolewa kwa mtu wa ngazi yake akiwa peke yake. Nyumba yote aliijenga kwa maneno ya mtoto. Ilipopangwa siku ya ziara, alimpigia mama simu.

"Shikamoo daktari," sauti iliitikia, nyuma yake kelele za sokoni.

"Mimi si daktari, mama. Tutakuja Alhamisi mchana, na afisa ustawi. Tutakuwa na mwanao."

"Alhamisi! Na huyo afisa?" Akamwambia mteja asubiri. "Sasa daktari, nifanye nini? Niandae nini?"

"Usijisumbue, mama. Ni kawaida tu, tunakuja kumwona mtoto."

"Haya. Asante. Mungu akubariki."

Hapo ndipo alipokosea, na alikuja kulikumbuka kila neno. Alikuwa na la kumwambia: usihamishe hata kijiko. Lilikuwa ulimini. Lakini utamwambiaje mama mtu mzima jinsi ya kuiweka nyumba yake? Aliona haya, akasema usijisumbue. Na nani asiyejua kwamba mgeni akisema usijisumbue, hapo ndipo mwenyeji anapoanza kujisumbua? Yeye mwenyewe alipoambiwa hivyo na wakwe zake alipaka nyumba rangi.

*

Ndani ya gari Foleni alikaa dirishani, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, akinong'ona.

"Anasema nini huyu?" aliuliza afisa ustawi kutoka kiti cha mbele. Alikuwa mwanaume wa makamo, nadhifu, aliyechoka, mwenye mafaili mengi kuliko siku za juma.

"Anapitia nyumba yao," alisema Mama Vifungo. "Viatu, ndoo, stuli, kikombe."

"Mh." Afisa aliangalia mbele. "Dada yangu, mimi sitaki vikombe. Nataka nione kama ataishi na watu."

"Utaona. Mwache tu aingie mwenyewe, asishikwe na mtu. Tena akishtuka utamwona anakwenda kusukuma ukuta. Usiogope, ndivyo tulivyomfundisha."

"Sawa, sawa," alisema afisa, kwa ile sawa ya mtu anayetafuta miwani yake.

Gari lilisimama kwenye uchochoro. Mlango ulikuwa wazi na mama amesimama hapo na gauni lake la kutokea, uso unang'aa kwa mafuta na kwa furaha. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono mikavu, kucha zimeingia rangi ya vitunguu isiyotoka kwa sabuni. Kando yake kaka yake, mjomba wa kijana, mtu wa kifua kipana aliyekuwa na tai.

"Karibuni, karibuni jamani, karibuni ndani!"

Mama Vifungo alitia kichwa mlangoni.

Ndoo haikuwepo. Stuli haikuwepo. Palikuwa na kochi kubwa la kahawia, bado limevaa nailoni yake ya dukani, limejaa chumba mpaka goti la mtu linagusa meza ya kioo. Chini, zulia jekundu kutoka ukuta mpaka ukuta. Pazia la shuka limekwenda, limekuja jipya lenye maua. Misumari imeng'olewa, pameninginizwa picha ya maporomoko ya maji. Na kando ya pazia, kwenye ukuta mtupu, limesimama kabati la vyombo, refu, la vioo, limejaa sahani na bilauri zinazometameta.

Tusimcheke huyu mama. Serikali inakuja nyumbani kwako kuangalia kama unafaa kulea mwanao, na wewe una stuli yenye mguu wa waya. Ungefanyaje? Alikwenda kwa majirani, mlango kwa mlango, akajidhalilisha, akabeba. Mjomba alisimamia ubebaji kwa siku nzima.

Bado palikuwa na nafasi. Mama Vifungo angeweza kugeuka palepale, akamwambia afisa, turudi, tutakuja siku nyingine. Lakini mama alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili, anamwambia, "Ndio wewe daktari, ndio wewe uliyemsaidia mwanangu," na macho yamemjaa maji. Angesemaje mbele ya afisa kwamba nyumba hii si yake? Akaingia.

Foleni alisimama kizingitini. Akainama, akavua kiatu kimoja.

"Ingia na viatu vyako tu, baba," mama alisema. "Leo usivue."

Akabaki na kiatu mkononi, anatafuta kulia kwa mlango, palipokuwa pamejaa kochi. Mwishowe akakikumbatia kifuani, akaingia hivyohivyo, mguu mmoja na soksi. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Ndoo. Stuli. Aliangalia chini ya dirisha. Aliangalia palipokuwa na misumari.

"Kaa hapa, mjomba," alisema mjomba, akilipiga kochi, nailoni ikapiga kelele.

"Usiguse hilo!" Dada yake mdogo alitokeza nyuma ya pazia. "La watu hilo, Mama amesema tusichafue!"

Mama alimtolea jicho. Afisa ustawi alijifanya anaandika. Foleni alikaa kwenye ncha kabisa ya kochi, mgongo wima, anavuta pumzi kama alivyofundishwa. Mama Vifungo aliziona pumzi zile akapata tumaini. Jitahidi mwanangu, alisema moyoni. Jitahidi kidogo tu.

Mama alileta chai. Kikombe cha Foleni kilikuwa na maua, na mkono wa dhahabu, na kisosi chake.

"Changu kiko wapi?" aliuliza kijana. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Hiki hapa, baba. Kizuri."

"Changu."

"Ah, kile?" Mama alicheka, akimtazama afisa kwa aibu. "Kile kibovu si kilishavunjika zamani."

"Hakijavunjika," alisema Foleni. Kikombe cha maua kilianza kugonga kisosi mikononi mwake. "Hakijavunjika. Mama, hakijavunjika."

Akakiweka mezani. Nasema akakiweka, hakukitupa, na tone halikumwagika. Akasimama, akaenda kando ya pazia mahali pa ukuta wake, akanyoosha mikono yote miwili, akaweka viganja kwenye kioo cha kabati, akasukuma.

"Mwacheni!" Mama Vifungo aliruka. "Asishikwe! Mwacheni!"

Lakini mjomba alishaona kabati la watu likiyumba. Alimkumbatia kijana kutoka nyuma, kwa nia njema kabisa, kwa nguvu zake zote. Kiwiko cha Foleni kilirudi nyuma kikampiga mdomoni. Kabati likaegemea, likafikiri, kisha likaja lote mzimamzima juu ya meza ya kioo.

Kelele zile zilikwisha polepole. Baada yake kilisikika kilio cha mtoto wa kike, na Foleni amejikunja pembeni, mikono imefunika masikio, analia kwa sauti nene. Mjomba alitema damu kwenye tai yake. Na mlangoni, kabla vumbi halijatulia, akawa amesimama jirani, mikono kichwani.

"Kabati langu! Mama wee, vyombo vyangu vya harusi! Si nilikwambia mimi? Si nilikwambia mwanao hafai kuletwa penye vitu vya watu?"

Mama alipiga magoti kwenye zulia la kuazima, akawa anaokota vipande vya sahani na kuvipanga mapajani, kikubwa na kikubwa, kidogo na kidogo.

Afisa ustawi alikuwa ameshafika nje, faili limekumbatiwa kifuani kama ngao.

*

"Alikuwa anasukuma ukuta," Mama Vifungo alisema garini. Nyuma, Foleni alikuwa amelala au amejifanya kulala, bado na kiatu kimoja. "Nilikwambia kabla. Alifanya hasa nilichomfundisha."

"Ukuta upi, dada? Mimi nimeona kabati."

"Nyuma ya kabati kuna ukuta! Siku zote hapakuwa na kitu pale. Wameazima vile vitu kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?" Afisa aligeuka. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwuma zaidi Mama Vifungo. "Sikiliza. Mimi nakuamini. Lakini yule bwana ana jino limelegea. Nikiandika kwamba kijana alikuwa anasukuma ukuta, halafu mwezi ujao amuumize mtu, nani atakwenda kuulizwa? Wewe?"

"Niulizwe mimi."

"Hawatakuuliza wewe. Hata jina la kazi yako hawalijui."

Mbele ya hakimu alipewa nafasi ya kusema. Alieleza vizuri, king'ora, ukuta, vikombe, na hakimu, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, hakimu alivua miwani.

"Mtaalamu, nimekuelewa. Nikuulize moja tu. Unaweza kunihakikishia kwamba katika nyumba ile hakuna mtu atakayehamisha kitu? Hatakuja mgeni, hakitanunuliwa kiti, hakuna atakayemshika bega mpaka afikishe miaka kumi na minane?"

Mama Vifungo alitazama benchi la nyuma. Mama wa kijana alikuwa anamwangalia, mikono imebana mkoba. Kusema ndiyo kulikuwa neno moja tu. Lakini alimwona pia mlinzi wa soko, ameketi upande wa pili na mkono wake uliopinda.

"Siwezi, mheshimiwa," alisema.

*

Asubuhi ya kuondoka, mkuu wa mahabusu alimruhusu mama amuage mwanawe, na Mama Vifungo aliomba wakutanie stoo. Mama alifika mapema. Hakumsalimia. Alisimama kati ya madawati mabovu akitafuta pa kuweka macho, mpaka yakatua chini.

Aliinama aone vizuri. Kisha akaanza kutembea, taratibu, kando ya mstari wa chaki. Akaona pa viatu. Akaona ndoo, mfuniko mwekundu. Akaona stuli, maana Foleni alitafuta dawati bovu akalifunga mguu kwa waya, mizunguko ileile. Akafika penye misumari mitatu iliyogongewa kwenye ubao, na kikombe kisicho na mkono.

"Nani kafanya hivi?"

"Yeye. Kwa kichwa chake."

"Mpaka stuli?"

"Mpaka stuli. Mguu wa waya ulikuwa lazima, alikataa kukaa kwenye stuli nzima."

Mama aliweka mkono mdomoni. "Ile stuli niliitupa nyuma ya choo," alisema. "Asubuhi ileile. Niliona aibu. Kila kitu chake niliona aibu nacho, nikakitoa, nikaweka vya watu." Akageuka, na sasa sauti ilipanda. "Kwa nini hukuniambia? Eh? Ulinipigia simu. Nilikuuliza, nifanye nini. Nilikuuliza! Ukaniambia nisijisumbue!"

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Heshima!" Mama alilitema neno. "Mwanangu anakwenda, wewe unaniambia heshima."

Mama Vifungo hakujitetea. Alikuwa na maneno mengi ya kitaalamu na hakuna hata moja lililomfikia huyu mama aliyesimama mbele yake. "Nisamehe," alisema. Mama hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Alifungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa kikombe, kimechakaa, na mkono wake haupo.

"Kilikuwa chini ya kitanda," alisema. "Nilimwongopea."

Akakitoa kile cha Mama Vifungo msumarini, akatundika hiki. Halafu akazunguka, akaingia kwa mlango wa chaki. Akavua viatu kulia kwa mlango, akaenda kukaa nyuma ya mstari wa pazia, kitandani kwake, chini sakafuni.

Foleni aliletwa na askari, akaachwa peke yake mlangoni. Alimwona mama yake. Aliangalia huku na huku, ndoo, stuli, misumari, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Shikamoo mama," alisema. "Upo nyumbani."

"Marahaba, baba. Nipo."

Akavua viatu kulia, kando ya vya mama yake, akavisogeza vyote vinne vikae sawa. Akanawa. Alipofika kwenye kikombe alisita, akakigusa, akamtazama mama.

"Nilisema hakijavunjika."

"Ulisema kweli, mwanangu."

Akapika chai. Alimpa mama kwanza, kisha akakaa kwenye stuli yake na kikombe chake, wakanywa. Hawakuongea sana. Mama aliuliza kama wanampa blanketi. Foleni aliuliza kama dada yake bado anakojoa kitandani, mama akacheka, akacheka mpaka ikawa si kicheko tena, akajifuta kwa upande wa kanga yake.

Askari aliingia kama wanavyoingia askari, hatua ndefu, katikati ya ukuta.

"Muda! Gari limefika!"

Foleni alishtuka. Kikombe kilitikisika, chai ikamrukia kwenye vidole. Mama Vifungo alinyoosha mkono kumzuia askari asisogee. Kijana alisimama. Akatundika kikombe msumarini. Akaenda kando ya pazia, akaweka viganja kwenye ukuta wa stoo, akasukuma, akasukuma, mpaka mikono ikawa inatetemeka na shingo imetoka mishipa. Kisha akashusha mikono, akavuta pumzi, akageuka, uso wake umetulia kabisa.

Hakukuwa na afisa wa kuandika.

"Haya, twende basi," alisema askari.

"Baba," mama alimwambia askari kutoka chini alipokaa, bila kupaza sauti, "umekanyaga kitanda changu."

Askari aliangalia miguuni pake. Aliona sakafu na chaki. Alimtazama yule mama, akamtazama Mama Vifungo, akataka kusema kitu. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, akazunguka kwa nje, akaja kusimama mlangoni.

Foleni alivaa viatu vyake. Akatoka kwa mlango. Hakuaga, maana kuaga hawakukufanyia mazoezi. Walisikia geti, kisha gari.

Baadaye mama aliuliza, "Utaifuta hii?"

"Kuna mtoto mwingine anakuja Jumatatu," alisema Mama Vifungo. "Kwao kuna ngazi."

"Una tambara?"

Mama Vifungo alimletea tambara na maji ndani ya ndoo ileile yenye mfuniko mwekundu. Alitaka kusaidia, mama akamkataza kwa kichwa. Alipandisha gauni magotini, akainama, akaanzia ndani kabisa, kwenye kitanda, akaja kwenye pazia, akaja jikoni, akirudi nyuma kidogo kidogo kama mtu anayepiga deki nyumbani kwake. Mlango aliufuta mwisho, akiwa ameshatoka nje.